Mti wa Majani ya Kari Ndani ya Ndoo: Somo kwa Familia Zilizohama na kwa Wenyeji Wao

Somo hili ni la mti mdogo, lakini tunaanza na ardhi, maana ugomvi huanzia hapo.

Familia nyingi zilizokimbia pembetatu ya Manono, Mitwaba na Pweto, hasa tangu 2011, zilipofika Lubumbashi zilipokelewa katika parsele za jamaa au za watu wenye moyo mwema. Mgeni akipanda lengalenga, hakuna anayeuliza. Baada ya wiki chache zimeliwa. Akipanda mti, mwenye parsele anaanza kuwaza. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 udongo wote ni mali ya Serikali, lakini katika desturi zetu nyingi mti uliopandwa ni shahidi. Unasema nani alikuwa hapa, na kwamba anakusudia kubaki. Ndiyo maana mche mmoja wa mwembe unaweza kuharibu ukarimu wa miaka mitatu.

Tumechagua mti wa majani ya kari kwa sababu unakubali kuishi ndani ya ndoo. Asili yake ni India na Sri Lanka, na Mombasa wengi huyaita majani yake mvuje. Ni ndugu wa mlimau na mchungwa. Usiuchanganye na unga wa kari wa dukani, ambao ni mchanganyiko wa viungo vingine. Majani mabichi machache hukaangwa katika mafuta pamoja na kitunguu, kisha huingia maharagwe au kapenta. Tuseme wazi: haya si chakula cha kushibisha wala dawa ya utapiamlo. Kwa watoto, sombe na lengalenga zibaki mbele. Kari inatoa ladha, na pengine pesa kidogo kwa wapishi wa Kihindi mjini, lakini ulizia wanunuzi kabla ya kupanda miche kumi.

Ndoo ina faida nyingine. Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo ulibeba moshi wake kuelekea kaskazini-magharibi. Watafiti wamekuta shaba, kobalti, risasi na kadmiamu katika udongo wa upande huo, na hata katika mboga zinazolimwa mjini. Kwa hiyo usijaze ndoo kwa udongo wa karibu na kiwanda, wala wa kando ya mto unaopokea maji ya migodi. Tafuta udongo mweusi wa mbali na migodi, changanya na mchanga safi na samadi iliyooza vizuri. Udongo mtupu wa kichuguu ni mzito, hushika maji na kuozesha mizizi. Toboa matundu chini ya ndoo. Na majani yaoshwe kabla ya kupikwa, kwa sababu vumbi halichagui ndoo.

Mbegu lazima iwe mbichi. Chukua tunda lililoiva, jeusi, toa nyama yake, osha, panda baada ya siku chache tu, kina cha sentimita moja au mbili. Mbegu iliyokaa kabatini miezi kadhaa mara nyingi haioti. Watoto wasiitafune, ina sumu. Panda Oktoba au Novemba mvua zinapoanza. Mwaka wa kwanza mti hukua polepole sana, na wengi hukata tamaa hapo. Ukifika kama sentimita 30, kata ncha ili utoe matawi. Ukichuma, kata ujiti mzima wa majani, usizidi theluthi ya mti kwa mara moja.

Shida kubwa hapa kwetu ni baridi. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na mti huu ni wa nchi za joto. Juni na Julai usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Weka ndoo kwenye ukuta unaotazama kaskazini, upande ambao jua hupita miezi hiyo, na upunguze maji: mwagilia tu udongo ukiwa mkavu kwa kina cha kidole. Majani yanaweza kuanguka yote. Usitupe mti! Kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, uko hai, na joto la Septemba litaurudisha.

Kagua chini ya majani. Viwavi waokote kwa mkono. Wadudu wadogo wanaofyonza waoshe kwa maji ya sabuni, kwa sababu baadhi yao hubeba ugonjwa unaoua michungwa na milimau. Mti wenye wadudu hao usisafirishwe kwenda kijiji kingine, hata kama familia inarudi kwao kwa furaha.

Sasa turudi kwa mwenye parsele. Kabla ya kuweka ndoo, mwambie. Baba au mama wa nyumba aulizwe mbele ya mtu wa tatu, mkubwa wa mtaa au mzee mnayemheshimu wote: ndoo itakaa wapi, nani atamwagilia mgeni akiwa safarini, nani anaruhusiwa kuchuma, na siku ya kuondoka itakuwaje. Viongozi, katika mkutano wenu ulizeni pia hili: wenyeji wetu wanaogopa nini hasa wakiona mgeni anapanda? Waacheni waseme wao kwanza, na msiwakatize.

Kuhusu siku ya kuondoka, mti wenyewe unasaidia. Ukikomaa hutoa watoto kutoka mizizini, kama mgomba. Mvua zikianza, mtenge mtoto mmoja pamoja na mizizi yake, umweke katika kopo lake, umpe kivuli wiki mbili au tatu. Mti mkubwa utaondoka na familia. Mdogo utabaki kwa mwenye parsele, naye ataamua mwenyewe kama aupande chini.