Kusimbua na Kung'amua: Subira na Usahihi katika Misimbo Fungamani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza suala la mawasiliano ya dijiti ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi, ilhali linaigusa isimu kwa karibu. Chombo kinachopokea ujumbe ulioharibiwa na kelele kisubiri kwa muda gani kabla ya kuamua kilichosemwa? Kikiamua mapema mno, kitakosea. Kikichelewa mno, mazungumzo yatavunjika. Tunadai kwamba subira hiyo ina kikomo, kwamba kikomo hutokana na urefu wa kumbukumbu ya msimbo, na kwamba sarufi ya Kiswahili huitumia kanuni kama hiyo kila siku.

Mazingira ya mfano wetu ni Moshi na miteremko ya Kilimanjaro. Kituo cha Horombo, katika njia ya Marangu, kiko kwenye kimo cha mita 3,720, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kati ya mji na vituo hivyo kuna migongo na mabonde mengi. Wimbi la redio huweza kukingwa na mgongo wa mlima, au kugonga kingo za bonde na kumfikia mpokeaji kwa njia kadhaa zinazodhoofishana. Mnamo Agosti 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilizindua huduma ya intaneti ya kasi Horombo. Huduma kama hiyo haiondoi kelele. Huhitaji misimbo inayoweza kuihimili.

2.0 Upatanisho wa Kisarufi kama Kinga

Tuchukulie kwamba mwongozaji wa wapanda mlima anatoa taarifa hii kwa redio: "Wagonjwa wa Horombo wamezidiwa, wanahitaji machela." Silabi ya kwanza ikimezwa na kelele, msikilizaji aliyeko chini atasikia "-gonjwa wa Horombo". Je, ni mgonjwa au wagonjwa? Kihusishi "wa" hakimsaidii, kwani hutumika kwa umoja na kwa wingi wa ngeli hiyo. Akiamua hapo, atakuwa anabahatisha, na kosa lake litapeleka machela moja mahali panapohitaji kadhaa. Akisubiri hadi "wamezidiwa", kiambishi wa- kitampa jibu. Hicho nacho kikififia, "wanahitaji" itatoa ushahidi mwingine. Baada ya hapo, kuendelea kusubiri kutamwongezea uhakika kidogo tu, huku msaada ukichelewa.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, lugha husema jambo lile lile zaidi ya mara moja, na uziada huo ndio unaookoa ujumbe. Pili, ushahidi wa kurekebisha kosa huja baada ya kosa lenyewe, hivyo marekebisho hayawezi kupatikana bila kuchelewa.

3.0 Muundo wa Msimbo Fungamani

Claude Shannon alionyesha mwaka 1948 kwamba uziada uliopangwa vizuri unaweza kuufikisha ujumbe salama katika njia yenye kelele. Mwaka 1955 Peter Elias alibuni aina ya misimbo tunayopendekeza iitwe misimbo fungamani, kwa kuwa kila biti inayotumwa hufungamana na biti zilizoitangulia.

Tutazame msimbo mdogo wenye kumbukumbu ya biti mbili. Kila biti ya ujumbe huzalisha biti mbili. Ya kwanza ni jumla ya biti hiyo na mbili zilizoitangulia. Ya pili ni jumla ya biti hiyo na ile iliyoitangulia kwa hatua mbili. Jumla ikiwa witiri huandikwa 1. Ikiwa shufwa huandikwa 0. Kumbukumbu ikianza na sufuri tupu, ujumbe 1011, ukifuatishwa na sufuri mbili za kufungia, hutumwa hivi:

11 10 00 01 01 11

Sasa kelele igeuze biti ya tano, mpokeaji apate:

11 10 10 01 01 11

Katika jozi ya tatu msimbo unaruhusu 00 au 11 pekee. Kilichopokewa, 10, kinatofautiana na kila moja kwa biti moja. Hali hii inalingana na ile ya "-gonjwa wa". Jozi ya nne ndiyo inayoanza kuipambanua njia sahihi, na mwisho wa ujumbe njia hiyo ina tofauti 1 tu, ilhali kila njia nyingine ina tofauti zisizopungua 4.

4.0 Kupunguza Makosa na Ucheleweshaji

Utaratibu uliotolewa na Andrew Viterbi mwaka 1967 hufanya ulinganisho huu bila kuorodhesha jumbe zote zinazowezekana. Katika kila hatua, kwa kila hali ya kumbukumbu, huhifadhiwa njia moja tu iliyo karibu zaidi na kilichopokewa. Njia zinazosalia zikifuatwa kinyumenyume, kwa kawaida hukutana katika shina moja. Sehemu hiyo inaweza kutangazwa bila hofu kubwa ya kukosea. Kwa misimbo inayotoa biti mbili kwa kila biti moja, wahandisi hutumia kipimo cha hatua zipatazo mara tano ya urefu wa ufungamano, yaani kumbukumbu na biti mpya pamoja. Urefu ukiwa 7, hatua 35 hutosha. Kusubiri zaidi huleta faida ndogo.

Njia ya pili ni kufungia ujumbe kwa biti zinazojulikana. Katika msimbo wa awali wa sauti wa simu za GSM, kila milisekunde 20 za sauti huwa biti 260. Kati ya hizo, 182 hukingwa, na 78 zisizo muhimu sana huachwa wazi. Zinazokingwa huongezewa 3 za ukaguzi na 4 za kufungia, zikawa 189; msimbo huzifanya 378, na jumla hufikia 456.

Njia ya tatu ni kukipa chombo kiwango cha uhakika wa kila biti badala ya 0 au 1 tu. Faida yake ni takriban desibeli 2, bila kuongeza subira.

Hata hivyo, kelele ya bondeni mara nyingi hufuta biti nyingi mfululizo. Ndiyo sababu GSM hutawanya biti hizo 456 katika mafungu 8 yanayotumwa kwa muda wa takriban milisekunde 37. Hapa usahihi hununuliwa kwa muda.

5.0 Istilahi na Hitimisho

Ulinganisho wetu una mipaka: msikilizaji hutumia maana na ujuzi wa ulimwengu, chombo hutumia hesabu peke yake. Lakini unatusaidia kutenganisha vitenzi viwili ambavyo hutumiwa kana kwamba ni kimoja. Kusimbua ni kuubadili msimbo uwe ujumbe, hata pasipo kelele. Kung'amua ni kulitambua jambo kutokana na ushahidi usiokamilika. Wananchi walipoliita sanduku la televisheni ya dijiti king'amuzi, walichagua neno linalofaa kuliko walivyokusudia. Tunapendekeza kusimbua kuwe istilahi ya jumla, na kung'amua kuhusu uamuzi unaofanywa katikati ya kelele. Mwanafunzi wa uhandisi aliyepewa tofauti hiyo ataelewa tangu mwanzo kwa nini chombo chake hakina budi kusubiri, na kwa nini hakipaswi kusubiri milele.