Dondoo muhimu: Lituhi na watoto wawili, tabia mbili

Tumbo moja, lakini kila mtoto na lake. Kabla ya kushuka kutoka Mbinga kwenda Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, zingatia haya:

• Gawa kazi. Wangu wa miaka 8 huhesabu madaraja kimya kimya, mdogo wake wa miaka 5 humpa "Shikamoo!" kila abiria, hata kondakta mwenye haraka.

• Simameni milimani. Waonyeshe ngoro, mashimo ya kilimo ya Wamatengo. Mmoja atauliza maji huenda wapi, mwingine atataka kurukia ndani.

• Beba kanga ya akiba. Barabara ina kona. Mwenye kichefuchefu akae dirishani.

• Mkifika ufukweni, usimsukume anayeogopa maji. Mkubwa alipanga kokoto kwa rangi mchangani, mdogo akarukaruka majini hadi magotini. Nikabaki nacheka peke yangu.

• Usalama hauna tabia. Mto Ruhuhu, unaoingia Ziwa Nyasa jirani na Lituhi, una mamba. Hapo haogi mtu.

• Jioni, kwenye ugali na dagaa, muulize kila mmoja alichopenda. Utasimuliwa safari mbili kwa nauli ya moja.