Somo: Nguo na Haki Zilizomo Ndani Yake

Ndugu Muislamu, nguo yako huitazama tohara yake kabla ya Sala. Je, haki za walioifanya waziuliza? Pamba hulimwa Lamu na kwengineko. Thika na Ruiru kuna viwanda vya kusokota na kufuma, kikiwamo Thika Cloth Mills. Mkulima ana haki ya mizani ya kweli, na mfumaji haki ya ujira usiocheleweshwa.

Na jirani je? Maji ya kutilia rangi yasiposafishwa huishia mtoni. Chania ya Thika huteremka hata Tana, ikatokea Kipini. Mto wa Ruiru huingia Athi, ambao huku kwetu Malindi ndio Sabaki. Basi tusiseme hayo ni mambo ya bara. (Hatumtuhumu mtu, twafunza kuuliza.)

Tarehe 24 Aprili 2013, huko Bangladesh, jumba la Rana Plaza liliporomoka likaua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washoni. Nyufa zilionekana tangu jana yake, nao wakaamrishwa warudi kazini. Nguo walizoshona zilikuwa za maduka ya ng'ambo.

Mnunuzi wa doti moja ya leso hasikilizwi. Lakini kamati ya madrasa inunuayo majora ya sare, hiyo ikiuliza hujibiwa.