Leza Ikikuumiza Jicho: Hatua za Kudai Haki Yako Ukiwa Matogoro

Wapo wanaotoka Matogoro, hapa Songea, kwenda Dar es Salaam, au hata India, wakitaka leza iwaondolee miwani. Wengine hupigwa leza kwa sababu ya presha ya macho au kisukari kilichoharibu retina. Wengi hurudi wakiwa wazima. Ukirudi na macho makavu yanayochoma, taa za bodaboda zinazotawanya miale usiku, au uoni unaozidi kufifia, usikimbilie mahakamani. Kesi za namna hii hujengwa kwa karatasi, na karatasi hukusanywa mapema.

1. Tibiwa, kisha uandikiwe. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Songea, HOMSO, uombe kuonwa na mtaalamu wa macho, na ikibidi upewe rufaa. Asiandike tu kwamba "ana shida ya macho". Mwombe aandike uwezo wa kila jicho kwa vipimo, mfano 6/18 au 6/60, pamoja na tarehe na anachokiona kuwa chanzo. Daktari huyu wa pili ndiye anayeweza kuwa shahidi wako mkubwa.

2. Dai faili lako. Andika barua kwa hospitali iliyokufanyia upasuaji, uombe nakala za vipimo vya konea (utando angavu wa mbele ya jicho) vya kabla ya leza, fomu ya ridhaa, maelezo ya upasuaji na dawa ulizopewa. Baki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakisita, wakumbushe kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kupata taarifa zako. Tunza pia risiti, matangazo yaliyokuvutia na ujumbe wa simu.

3. Tenganisha madhara na uzembe. Macho kukauka baada ya leza ni jambo linalojulikana, na peke yake halimtii daktari hatiani. Ila kukata konea nyembamba bila kuipima kwanza, au kutokukueleza hatari yoyote, ni habari nyingine. Mahakama humpima daktari kwa kile ambacho daktari mwenzake mwenye ujuzi huo angefanya. Saini yako kwenye fomu ya ridhaa inaonyesha umekubali hatari ulizoelezwa; haihalalishi uzembe. Mwaka 2007, pale Taasisi ya Mifupa MOI, Dar es Salaam, mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Kosa la aina hiyo halihitaji mjadala mrefu. La jicho lako huenda likahitaji mtaalamu wa kulieleza.

4. Amua unataka nini. Ukitaka daktari awajibishwe, peleka malalamiko ya maandishi Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya wanataaluma wa afya ya 2017. Baraza linaweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari, lakini usitegemee likulipe fidia. Fidia hudaiwa kwa makubaliano au mahakamani.

5. Hesabu siku. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Ya kuvunja mkataba, miaka 6. Kama hospitali ni ya serikali, toa kwanza notisi ya siku 90, nakala ifike kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye lazima aunganishwe kwenye shauri. Shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu, nayo ipo hapa Songea. Usisubiri mwezi wa mwisho.

Kwa waliofanyiwa India, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1995 kwamba mgonjwa anayelipia matibabu ni mlaji anayelindwa na sheria ya walaji. Ukomo wa malalamiko hayo ni miaka 2, hivyo tafuta wakili wa huko mapema.

6. Usisaini kwa pupa. Hospitali ikikurudishia fedha na kukupa hati ya kukiri kwamba huna madai tena, ipeleke kwanza kwa mwanasheria. Jumlisha nauli, miwani mipya, dawa, siku ulizokosa kazi na matibabu yajayo, kabla hujataja kiasi.

7. Pata msaada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawahusu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Ulizia ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya Manispaa ikuelekeze kwa watoa huduma waliosajiliwa. Msaidizi wa kisheria anaweza kukuelekeza na kukusaidia kupanga malalamiko. Kukusimamia mahakamani ni kazi ya wakili.

Wiki hii fanya mawili: pimwa macho na daktari ambaye hakukufanyia upasuaji, na upeleke barua ya kuomba faili. Mengine yote, Barazani au mahakamani, yatategemea karatasi hizo.