SOMO: NDEGE MPYA NA MSHAHARA WA RUBANI



Katika somo hili tutajifunza juu ya marubani na ugomvi wao wa mishahara. Najua mwenzetu anayebeba magunia ya kahawa kule Bwera, au anayepanga mifuko ya saruji huko Hima, atauliza: "Rubani ana shida gani? Mshahara wake wa mwezi mmoja mimi siupati kwa mwaka mzima." Swali hilo ni la haki. Lakini leo tumtazame rubani kwa jambo moja tu ambalo yeye na sisi tunafanana. Rubani hana ndege. Ndege ni ya kampuni au ya serikali. Yeye ana ujuzi wake na nguvu zake, basi. Kwa hiyo ndege mpya ikija, huja na mambo yale yale yanayokuja na mashine mpya kiwandani.

1. Mashine mpya hubadilisha thamani ya ujuzi

Dereva wa lori anaweza kutoka lori moja akapanda jingine. Rubani haruhusiwi kufanya hivyo. Leseni yake huandikwa aina ya ndege aliyofundishwa. Kampuni ikileta aina nyingine, lazima arudi darasani, kisha afanye mazoezi katika mashine iliyofungwa chini, inayofanana na chumba cha rubani. Hata baada ya kufaulu, asipopaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90, hawezi kubeba abiria mpaka afanye mazoezi tena.

Mafunzo hayo ni ghali sana. Kwa sababu hiyo makampuni mengi humtia rubani sahihi kwamba atatumikia miaka kadhaa, au akiondoka mapema alipe gharama. Hapa ndipo maswali yanapoanza. Nani analipia mafunzo? Wakati wa mafunzo mshahara unakuwaje? Ndege ikiwa kubwa zaidi na safari ikiwa ndefu zaidi, cheo na malipo vinapanda? Na yule aliyebaki kwenye ndege ya zamani, hatima yake ni nini?

2. Mambo yaliyotokea Kenya

Kenya Airways ilikuwa na mpango mkubwa wa kukua. Mwaka 2013 ilianza kupokea ndege kubwa za Boeing 777-300ER. Mwezi wa Aprili 2014 ndege yake ya kwanza ya Boeing 787 ilitua Nairobi, na watu wakafurahi. Lakini ndege hizo zililetwa kwa mikopo na kwa kukodi. Deni halingoji abiria. Mwaka ule ule ugonjwa wa Ebola ulizuka Afrika Magharibi, na watalii walikuwa wamepungua Kenya kwa hofu ya mashambulio. Mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2015, kampuni ilipata hasara ya shilingi za Kenya bilioni 25.7. Mwaka uliofuata hasara ilikuwa bilioni 26.2.

Basi nani alibeba mzigo? Ndege tatu za 777 zilikodishwa kwa shirika la Uturuki, na mbili za 787 kwa shirika la Oman. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba wafanyakazi wapatao 600 watapunguzwa. Marubani wengine walihamia makampuni ya nje. Chama chao, KALPA, kilisema lawama ni ya wasimamizi. Mwezi wa Oktoba 2016 kilitishia kugoma, kikidai mwenyekiti wa bodi na mkurugenzi mkuu waondoke. Mwenyekiti alibadilishwa mwaka huo huo, na mkurugenzi akaondoka mwaka 2017.

Kisha ukaja ugonjwa wa Korona mwaka 2020. Ndege zilisimama. Sehemu ya mishahara ilizuiwa, na mchango wa kampuni katika mfuko wa akiba wa marubani ukakatwa. Ndege ziliporudi angani, mchango haukurudi. Tarehe 5 Novemba 2022 marubani waligoma, ingawa mahakama ilikuwa imetoa amri ya kuzuia mgomo. Maelfu ya abiria walikwama. Mahakama ikaamuru warudi kazini ifikapo saa 12 asubuhi tarehe 9, na wakarudi.

Ndugu, tusome hapo kwa makini. Kitu kilichokatwa wakati wa shida kwa siku moja kilichukua zaidi ya miaka miwili ya kudai. Na kilipodaiwa kwa mgomo, mgomo wenyewe ulikutana na amri ya mahakama.

3. Hapa kwetu Uganda

Uganda Airlines ya kwanza iliundwa mwaka 1976 na ikafa mwaka 2001. Mpya ilianza kubeba abiria Agosti 2019, ikiwa na ndege ndogo za CRJ900. Ndege zake mbili kubwa za Airbus A330-800 zilifika Desemba 2020 na Februari 2021, wakati Korona imefunga njia nyingi. Safari za Dubai zilianza Oktoba 2021 tu. Kumbuka kanuni ya siku 90: ndege isiporuka, hata ujuzi wa rubani unachakaa. Mashine ikikaa bure, mfanyakazi wake hapumziki, anapoteza.

Sisi watu wa Kasese tunalijua jambo hili bila kupanda ndege. Reli ilifika hapa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mgodi ulisimama mwaka 1982. Vyuma vilibaki vikishika kutu, na watu wakabaki na watoto wa kusomesha.

4. Moyo wa kazi

Wasimamizi hupenda kusema, "Wafanyakazi hawana moyo." Moyo haununuliwi kwa kofia na fulana siku ya sherehe ya mashine mpya. Mtu huwa na moyo anapojua kesho yake. Anapoona bilioni za kununulia mashine zimepatikana, lakini akiba yake ya uzeeni haipelekwi, moyo hufa. Tusilaumu mashine. Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho, Kenya. Mashine iliyoungua haimrudishii mchumaji kikapu chake. Tunayepaswa kuzungumza naye ni mwenye mashine, na tuzungumze mapema, kabla haijashushwa kwenye lori.

5. Mambo ya kuandikwa kabla mashine haijafika

(a) Mafunzo yalipiwe na mwajiri, na mshahara uendelee wakati wa mafunzo.
(b) Cheo na malipo ya anayeendesha mashine mpya vitajwe kwa tarakimu.
(c) Wasiohitajika kwenye mashine mpya wapewe kwanza kazi nyingine. Wakipunguzwa, walipwe haki zao.
(d) Mchango wa NSSF usiguswe. Sheria inasema mfanyakazi hutoa asilimia 5 na mwajiri asilimia 10.
(e) Kama kuna makato wakati wa shida, tarehe ya kuyamaliza iandikwe.

Ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 1995 inatupa haki ya kuunda chama, kujadiliana na mwajiri, na kugoma kwa kufuata sheria. Kwa hiyo mgogoro upelekwe kwanza kwa Afisa wa Kazi, na ukishindikana Mahakama ya Viwanda. Mgomo ni panga la mwisho. Panga la mwisho halichomolewi kwa hasira.

Maswali ya kujadiliwa tawini

1. Kwetu ni mashine gani mpya inayosemwa kuwa inakuja? Nani ameona karatasi zake?
2. Nani kati yetu ametia sahihi mkataba wa mafunzo bila kusomewa?
3. Mchango wako wa NSSF wa mwezi uliopita umefika? Utajuaje?
4. Rubani akigoma, mbeba mizigo wa uwanjani anapata nini au anapoteza nini? Wangefanyaje ili wadai pamoja?

Umoja ni nguvu.