Dondoo Muhimu: Kuzuia Mlango wa Gari Usigande kwa Barafu

Kinachoufunga mlango wa gari wakati wa baridi kali ni maji. Katika miji kama Minneapolis na Toronto, theluji inayoyeyuka mchana huingia kati ya mlango na raba inayouzunguka. Usiku joto likishuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, maji hayo huwa barafu na kuinasa raba.

Kinga huanzia kwenye raba hiyo. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, hukaushwa kabisa, hasa upande wa chini ambako maji hutuama, kisha hupakwa silikoni kidogo, kiasi cha kuacha utando mwembamba. Grisi ya kawaida haifai hata kidogo, kwani huivimbisha na kuilegeza raba. Raba iliyochanika ibadilishwe mapema. Gari likioshwa, kingo za milango zikaushwe kabla ya kuegeshwa.

Mlango ukishaganda, usukumwe kwanza kuelekea ndani, kwa mkono au bega, ili barafu ipasuke. Kuvuta kitasa kwa nguvu hukivunja au huchana raba. Maji ya moto yasimwagwe kamwe: huweza kupasua kioo, na yenyewe huganda tena.