Gari ya dizeli imepoteza nguvu? Usikimbilie kununua turbo

Najua wengi mnanisoma kwa ajili ya mbolea, viuatilifu na bei za mazao. Leo tunafungua boneti. Zao lisilofika sokoni halina bei, na wengi wenu hapa Tabora mnabebea mazao kwenye pikapu za dizeli zenye turbo, za miaka ya tisini.

Zamani kwenye njia hii ya Ujiji, Unyanyembe hadi Bagamoyo, mzigo ulikwenda begani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Siku hizi mpagazi wako ni injini. Ikiishiwa pumzi, unalala na mzigo porini.

Kiangazi kilichopita kijana mmoja wa upande wa Urambo alinipigia simu.

"Bwana shamba, turbo imekufa. Nina matenga 40 ya nyanya hapa, na fundi anataka milioni moja na laki nne."

"Ukikanyaga mafuta inatoa moshi gani?"

"Mweusi tii, kama tanuri la matofali."

Nikamwambia asitoe hela kwanza. Tulipokagua, tulikuta mpira wa hewa unaotoka kwenye turbo umepasuka kwa chini, penye klipu. Kwa juu huoni kitu. Mpira na klipu mbili vilimgharimu 45,000. Ila siku tatu zilikuwa zimeshapita akihangaika kukopa hela ya turbo, na matenga 11 yalioza. Hizo nyanya hazikuuawa na turbo, ziliuawa na kubahatisha.

Kwanza elewa hivi

Injini ya dizeli inahitaji vitu viwili: hewa na mafuta. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi wa ekzosi unazungusha feni ya kwanza, ya pili inasukuma hewa ndani ya injini. Shafti hiyo inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo turbo isiposukuma vizuri utaisikia mapema.

Sasa soma moshi, gari ikiwa na mzigo au inapanda:

- Moshi mweusi, nguvu hakuna: mafuta yapo, hewa haitoshi. Nozeli mbovu nazo hutoa moshi huu, lakini anza na hewa kwa sababu ni rahisi kukagua.
- Hakuna moshi, nguvu hakuna: mara nyingi mafuta hayafiki.
- Moshi wa bluu: oili inaungua. Hapo turbo yenyewe inaweza kuwa inavujisha, au ringi za pistoni zimechoka.
- Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto: mafuta hayaungui vizuri, au maji ya rejeta yanaingia ndani. Kama maji yanapungua, usiendelee na safari.

Angalizo: gari yenye pampu inayoongozwa na kompyuta ikikosa hewa inaweza kupunguza mafuta yenyewe, moshi usionekane. Pampu nyingi za zamani zisizo na kompyuta zina kimpira chembamba kinachopeleka hewa ya turbo juu ya pampu. Kikipasuka, pampu haiongezi mafuta. Kwa hiyo hata kama hakuna moshi, mipira ikague.

Upande wa hewa

1. Toa eya klina, iangalie kwa kuielekeza juani. Mwanga usipopita, badilisha. Ukiipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Usiendeshe bila eya klina hata siku moja; vumbi letu la kiangazi linakula feni za turbo na silinda.
2. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, pitisha mkono kwenye mipira yote kutoka turbo hadi injini, hasa chini na penye klipu. Palipolowa oili na kushika vumbi ndipo pa kutilia shaka. Ukiendesha ukasikia "shhhh" kila unapokanyaga mafuta, hewa inatoroka.
3. Toa mpira wa kuingilia turbo, zungusha feni kwa kidole. Kucheza kidogo sana kwa pembeni ni kawaida. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, ikigusa ukuta au meno yakiwa yameliwa, basi hapo turbo ni mbovu kweli.
4. Mwambie fundi akague kile kimlango cha kupunguza nguvu ya turbo. Kikiganda wazi, moshi wa ekzosi unapita pembeni na feni haipati kasi.

Upande wa mafuta

Hapa na mimi yalinikuta, njia ya Sikonge. Niliweka dizeli ya dumu kijijini. Kwenye tambarare gari ilikwenda, ikifika mlimani inazimia, bila moshi. Nikisimama dakika kumi inarudi, halafu inachoka tena. Kumbe uchafu ulikuwa unavutwa kwenye chujio la ndani ya tangi na kuliziba, nikisimama unadondoka. Na chini ya filta kulikuwa na maji karibu nusu kikombe.

1. Fungua kizibo cha chini ya filta, mwaga kwenye chupa safi. Maji yatakaa chini, dizeli juu.
2. Badilisha filta kama hukumbuki iliwekwa lini.
3. Fungua mfuniko wa tangi baada ya safari. Ukisikia inavuta hewa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba.
4. Fundi aweke kipande cha mpira mweupe unaoonekana ndani, kati ya filta na pampu. Mapovu yakipita, kuna mahali panavuta hewa.
5. Jaribu kulisha pampu kutoka chombo safi badala ya tangi. Nguvu ikirudi, pampu yako ni nzima. Tatizo liko kati ya tangi na filta.

Usilegeze mabomba ya nozeli wakati injini inaunguruma. Dizeli yenye msukumo mkubwa inaweza kutoboa ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali hata kama linaonekana dogo.

Dizeli ya madumu

EWURA ilianza mpango wa vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji. Lakini kinasaba hakiwezi kukulinda na maji yaliyoingia kwenye dumu njiani. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo ina ulainisho mdogo, na pampu inalainishwa na dizeli hiyo hiyo. Ukilazimika kutumia ya dumu, iache itulie usiku mzima, chota ya juu, ya chini usiiguse. Kitambaa kinazuia taka, si maji.

Ukishatoka na mzigo mzito, usizime injini papo hapo. Iache dakika moja au mbili ili oili ipooze turbo.

Kazi ya wiki hii

Chukua daftari la shamba, fungua ukurasa wa gari. Andika tarehe ya filta, eya klina na oili, kama unavyoandika tarehe ya kupanda. Na fundi akikwambia "turbo imekufa," muulize kwa heshima: "Fundi, naomba unionyeshe inavyocheza." Fundi mzuri atakuonyesha. Asipoonyesha, hela yako ibaki mfukoni kwanza.

Tukutane wiki ijayo, tutarudi kwenye mbolea ya kupandia.